Kiluwiluwi Katikati ya Chaji Mbili

"...kinyume! Mishale yote minane iko kinyume, na jibu bado ni sahihi!"

Maneno hayo yalimtoka Chiriku saa tatu na robo asubuhi, ndani ya ukumbi wa walimu mia moja na ishirini ambao kwa siku tano hawakuwa wamesikia sauti kubwa kuliko ya karatasi inayogeuzwa. Vichwa vikainuka meza kwa meza. Kule kemia mtu aliangusha kalamu, ikabingirika mpaka chini ya kabati, na hakuna aliyethubutu kuifuata.

"Nini kiko kinyume?" aliuliza Mama Nukta, kiongozi wa meza, mwanamke aliyepata jina hilo kwa sababu aliwahi kurudisha fungu zima la karatasi kwa ajili ya nukta moja ya desimali.

"Hakuna kitu, mama. Samahani."

"Kama hakuna kitu, kitunze mwenyewe."

Chiriku akainamisha kichwa. Jina lake nalo halikuwa la bure. Alilipata chuoni kwa wenzake wa bweni, akadhani ameliacha huko, lakini siku ya pili tu ya usahihishaji likamfuata mpaka mezani, maana binti wa miaka ishirini na sita anayeongea hata na kifutio chake hahitaji kutambulishwa.

Sasa sikia jinsi kazi yenyewe ilivyo. Ni mtihani wa mwisho wa sekondari, na kuusahihisha ni kama kiwanda. Siku ya kwanza mnaacha simu getini mpaka kazi iishe. Mmekula kiapo kwamba ya humo yatabaki humo. Kila meza inapewa swali moja tu, na meza ya Mama Nukta, watu saba, ilipewa swali la sita la fizikia. La tano hawakulijua, la saba hawakulijua. Karatasi zinakuja kwa mafungu, hazina majina, zina namba. Unasahihisha la sita, unamsukumia jirani akague, nazo zinaendelea na safari yao. Ikifika siku ya nne, unaliona swali la sita hata kwenye povu la sabuni ukioga.

Na swali lenyewe halina makuu. Chaji mbili zimekaa kwenye mstari mmoja, sentimeta thelathini kutoka moja hadi nyingine. Ya kwanza inajulikana: mikrokulombi nne, chanya. Ya pili haijulikani, imepewa herufi tu. Unaambiwa kwamba kati yao, sentimeta ishirini kutoka ile ya kwanza na kumi kutoka ile ya pili, pana mahali ambapo uga wa umeme ni sifuri. Ukiweka kitu chenye chaji mahali hapo kinatulia tuli, kwa sababu nguvu ya huku ni sawasawa na nguvu ya kule. Chora mishale ya uga kuzunguka kila chaji. Kisha itafute ile isiyojulikana: ni kubwa kiasi gani, na ni chanya au hasi. Alama nane.

Wengi waliandika fomyula, wakaikokota mistari kumi na miwili, wakapotea kwenye sifuri za desimali na kuibuka na jibu la kutisha. Lakini mishale waliipata. Chaji chanya hutoa mishale nje, imesimama kama miiba ya nungunungu, na hilo halina mjadala.

Huyu wa leo alichora mishale ikiingia ndani. Minne kwa chaji hii, minne kwa chaji ile, yote inaingia. Fomyula hakuwa nayo. Alikuwa na mstari mmoja: "Umbali nusu, chaji robo." Na chini yake jibu: mikrokulombi moja, chanya. Sahihi kabisa. Halafu, pale mahali pa sifuri, alichora kiluwiluwi. Kichwa cha duara, ndani ya kichwa alama ndogo ya kutoa, na mkia uliojikunja mara moja.

Chiriku alikitazama kile kiluwiluwi mpaka mistari ya karatasi ikaanza kucheza.

Ulimwenguni kulikuwa na watu watatu waliochora elektroni hivyo. Mmoja alikuwa baba yake. Wa pili ni yeye mwenyewe, kabla chuo hakijamvunja tabia hiyo kwa kumkata alama muhula hadi muhula. Wa tatu alikuwa mdogo wake, aliyetoka nyumbani miaka sita iliyopita na mfuko mmoja wa nguo, na tangu hapo hakuna aliyemwona kwa macho.

Baba yao alikuwa fundi redio. Mama alipofariki, wasichana hao wawili walilelewa kwenye meza ya ufundi, katikati ya spika zilizotobolewa na vipande vya risasi ya kulehemu, wakifanya kazi zao za shule kwenye pembe iliyobaki. Baba alikuwa mwerevu asiye na karatasi. Aliacha shule akiwa kidato cha tatu, na fizikia aliyokuwa nayo ameiokota ndani ya redio za watu. Kwa hiyo aliwafundisha kama alivyoiona.

"Kwenye waya kinachotembea ni nini?" aliwauliza siku moja, bisibisi mdomoni.

"Elektroni, baba."

"Basi kwa nini nichore njia ya kitu ambacho hakipo? Muweke mwenyewe pale. Muulize anataka kwenda wapi. Mchoree njia yake."

Na elektroni, kwa vile ni hasi, hukimbilia chanya. Ndiyo maana mishale ya nyumba ile ilikuwa inaingia pale vitabu vyote vilipotoa. Baba alijua kwamba walimu wanataka vingine. Kwa hiyo aliongeza sharti: ukimaliza, igeuze mishale yote, uwape wanachotaka. Chiriku aligeuza kila mara, kwa raha zake. Mdogo wake hakugeuza hata siku moja.

"Kama ni sahihi nigeuze ya nini?" alikuwa akisema. "Na kama si sahihi, kwa nini umenifundisha?"

Baba alimwita Kisiki, na mwanzoni alilisema jina hilo kwa kujisifu.

Siku waliyokosana ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani. Kisiki aliingia kwenye karakana akasema hakwenda kujiandikisha. Amechoka. Anataka kutafuta kazi. "Hiyo fizikia ni yako, baba, si yangu," alisema. "Wewe ndiye uliyetaka cheti. Kakitafute." Hapo alimgusa mzee pabovu. Baba aliweka bisibisi chini taratibu, na kwa sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia kabla wala baadaye, akasema: "Basi kizingiti hiki usikikanyage tena bila cheti mkononi."

Mtu mwingine angelia, angenuna siku mbili, angerudi. Kisiki alichukua mfuko. Wakadhani ifikapo jioni njaa itamrudisha. Mwezi wa kwanza ulikuja ujumbe kwenye simu ya Chiriku: "Nipo mzima. Msinitafute." Walipoujibu, namba ikawa haipatikani, na haikupatikana tena.

Baba hakumtaja. Lakini kila mwaka, siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa, alimpigia Chiriku simu akauliza jambo moja: "Umeyaona majina?"

"Majina ya nani, baba?"

"Majina tu."

Na Chiriku, popote alipokuwa, alifungua orodha ya watahiniwa wa kujitegemea, ile ndefu isiyo na mwisho, akashuka nayo kwa kidole mpaka kidole kikafa ganzi. Miaka mitano alishuka nayo hivyo. Miaka mitano alipiga simu kusema, "Hamna, baba," na baba alijibu, "Haya."

Umbali nusu, chaji robo. Ukiigeuza inakuja hivi: umbali mara mbili, mvuto robo. Chiriku aliifundisha kanuni hiyo darasani kila muhula, na kila alipoifundisha aliona haya kidogo, kwa sababu nyumbani kwao ilikataa kufanya kazi. Kisiki alizidi kwenda mbali kwa miaka, na mvuto haukupungua hata chembe.

Mwaka huu kulikuwa na jambo jingine. Sikio la kushoto la baba lilikuwa limeshakwenda. La kulia daktari alilipa miezi michache, mitatu au minne, akasema kwamba baada ya hapo hakuna kifaa kitakachosaidia. Baba alipokea habari hiyo kama fundi anayeambiwa spika imeungua. Ila alipokuwa akifunga vifungo vya shati akamuuliza daktari swali moja: "Sauti ya mtu ambaye hujaisikia siku nyingi, ukija kuisikia wakati sikio limeshaanza kufa, utaitambua?" Daktari hakuelewa anaulizwa nini. Chiriku, aliyekuwa amesimama mlangoni, alielewa, akatoka nje akajifanya anaongea na simu.

Matokeo yangetoka baada ya miezi minne. Huenda sikio lingefika, huenda lisingefika.

Na sasa karatasi ilikuwa mkononi mwake.

Mawazo yake yalikwenda mbio kuliko kalamu. La kwanza lilikuwa ampe mdogo wake alama nane, amsukumie jirani, anyamaze. La pili lilikuwa anakili ile namba kwenye kiganja, kisha amtafute mtu wa masjala. Wino ulishagusa ngozi. Akaandika tarakimu mbili, akasimama.

Kwa sababu kila chumba kina mwenye macho. Ikijulikana kwamba msahihishaji amegusa karatasi ya nduguye, haifutwi karatasi hiyo tu. Mtihani wote wa mtu huyo unafutwa, na pengine wa kituo kizima. Kisiki angekosa cheti mwaka huu na wa kesho, na bila cheti asingerudi, maana ndivyo alivyo: neno aliloambiwa kwa hasira yeye analiweka kama ahadi. Chiriku akalamba kiganja, akasugua zile tarakimu kwenye sketi, akainua mkono.

"Nini tena?" akauliza Mama Nukta.

"Nadhani namfahamu huyu."

Meza nzima ikaacha kuandika. Mwalimu Tai, jirani yake, mzee aliyefunga tai hata siku za joto kali, akavua miwani.

"Unamfahamu kwa kitu gani? Hana jina," alisema Mama Nukta.

"Kwa mishale, mama. Na kwa kiluwiluwi."

"Kiluwiluwi," alirudia Mama Nukta, kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimeharibika. Akanyoosha mkono, Chiriku akampa karatasi, na vidole vyake vikachelewa kidogo kuiachia.

Mama Nukta aliitazama. Akampitishia Mwalimu Tai.

"Mishale kinyume, mbili zimekwenda," alisema Mwalimu Tai, akifuata mwongozo kwa kidole. "Ishara ya chaji haina msingi, kwa sababu inatokana na mishale. Mbili nyingine zimekwenda. Ana nne."

Chiriku alifungua mdomo.

"Wewe huna mdomo kwenye hili," alisema Mama Nukta.

Chiriku akafunga mdomo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko mtihani wowote aliowahi kufanya.

"Na huyu mdudu ni nini?" Mama Nukta alimuuliza Mwalimu Tai.

"Uchafu wa kalamu."

"Uchafu gani una mkia, mwalimu? Tena kichwani ana alama ya kutoa." Aliisogeza karatasi karibu na pua. Halafu akamgeukia Chiriku. "Wewe, toka nje. Kakae korido. Kinachozungumzwa hapa hakikuhusu."

Chiriku alikaa kwenye benchi la korido, nyuma ya mlango wenye kioo cha ukungu. Aliona vivuli viwili vinainamiana, kimoja kinatikisa kichwa, kingine kinachora kitu hewani kwa kalamu, mshale unaoingia, mshale unaotoka. Maneno hayakumfikia. Aliomba kila alichojua kuomba. Baadaye, hata yeye mwenyewe alishangaa kwamba hakuomba alama. Aliomba tu huyo mtu aliyechora asiwe mgeni, asiwe mwanafunzi wa fundi mwingine mahali pengine aliyeota wazo lile lile.

Mlango ulipofunguliwa karatasi haikuwepo mezani. Alama ngapi, hakuambiwa, wala hakuuliza. Mbele ya Mama Nukta palikuwa na fomu ya tamko, ile ambayo msahihishaji anayemtambua mtahiniwa lazima aijaze ili asiguse tena fungu la kituo hicho.

"Uhusiano?" aliuliza Mama Nukta.

"Mdogo wangu. Wa kuzaliwa tumbo moja."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Hiyo iko kwenye fomu?"

"Haipo."

"Miaka sita, mama."

 Mama Nukta alivuta orodha ya vituo, akashuka nayo kwa rula, akaandika kwenye nafasi yake, pole pole, kwa herufi kubwa ambazo hata baba asiye na miwani angezisoma. Kisha akaigeuza fomu.

"Isome yote kabla ya kutia saini. Yote. Mtu asije kusema alisaini asichokijua. Hiyo ndiyo sheria."

Chiriku akasoma. Kwenye mstari wa tatu palikuwa na jina la kituo: madarasa ya jioni ya watu wazima, katika mji mdogo wa kiwanda cha saruji, mwendo wa saa nne kwa basi. Akatia saini, na saini ikatoka mbaya kama ya mtoto.

"Macho hayana kufuli," alisema Mama Nukta, tayari ameshachukua karatasi nyingine. "Mdomo unalo. Alama za mtu, kile ulichokiona kwenye karatasi yake, hata kwamba uliiona: ukivisema, mimi mwenyewe nitakushtaki. Umenielewa, Chiriku?"

"Nimeelewa, mama."

"Na ile kalamu iliyo chini ya kabati la kemia, kaiokote. Imenikera tangu asubuhi."

Zilibaki siku tisa. Siku ya kumi walirudishiwa simu zao. Chiriku alimpigia baba, akapaza sauti mpaka mlinzi wa geti akageuka. "Nitachelewa siku moja, baba."

"Unakwenda wapi?"

"Kuna mtu nataka kumsalimia."

"Haya," alisema baba, na hakuuliza ni nani. Lakini hakukata simu upesi. Alibaki pale, anapumua, mpaka salio lilipoisha.

Mji wa saruji ulikuwa wa rangi moja. Mapaa, miti, hata paka aliyelala kwenye ukuta wa stendi, wote wamepakwa vumbi la kijivu. Madarasa ya jioni yalikuwa ghorofa ya juu ya ghala, na mchana ule yamefungwa. Mama aliyekuwa akifagia ngazi alimsikiliza, akaegemea ufagio.

"Mrefu? Mbishi?"

"Ndiye huyo."

"Anayewatolea wenzake mitihani ya zamani na akiona jibu limekosewa analisahihisha kabla ya kukupa kopi yako? Yuko pale ng'ambo, kwenye duka la fotokopi. Mwambie bado ana funguo yangu."

Duka lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Foleni ilitoka mpaka barabarani, watu kama tisa, kila mmoja na vyeti vyake na vitambulisho vyake, maana kiwanda kilikuwa kinaajiri. Ndani, nyuma ya mashine kubwa iliyokuwa ikigonga, alisimama mwanamke mrefu, mikono myeusi kwa unga wa wino mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameinama anamweleza mzee mmoja kwa nini kopi yake imetoka na madoa.

"Ndani humu mna ngoma," alikuwa akisema. "Inapewa chaji, na chaji ndiyo inayouvuta huu unga ukae penye maandishi. Ngoma ikichoka, unga haujui ushike wapi. Unatapakaa. Si kosa la cheti chako, mzee wangu."

Chiriku alisimama mwisho wa foleni. Alikuwa ameandaa hotuba ndani ya basi, saa nne nzima, yenye utangulizi na vifungu. Yote ikayeyuka. Watu wakasogea, naye akasogea. Alimtazama mdogo wake akipokea karatasi, akiipangusa, akiilaza kwenye kioo, akifunika. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mkunjo kati ya nyusi ambao Chiriku hakuufahamu, na akajisikia kumwonea wivu kila aliyekuwepo siku ulipoanza.

Zamu yake ikafika.

"Kopi ngapi?" aliuliza Kisiki bila kumtazama.

"Moja tu," alisema Chiriku. "Ya kwako."

Kisiki akainua uso. Kifuniko cha mashine kilimponyoka kikajifunga chenyewe, taa ikapita chini yake, na karatasi tupu ikatoka upande wa pili.

 Halafu Kisiki akafuta mikono kwenye aproni, akaiangalia, akaona haijatakata, akafuta tena.

"Umejuaje niko hapa?"

"Siwezi kusema."

"Wewe? Usiweze kusema?"

"Nimekula kiapo."

"Dada," alisema Kisiki, "nani mpumbavu aliyekulisha wewe kiapo?"

Wakakumbatiana juu ya kaunta, kaunta ikiwa katikati, na unga wa wino ukabaki kwenye blauzi ya Chiriku, vidole vitano mgongoni vimeshika kama muhuri.

"Nimefanya mtihani," alisema Kisiki sikioni mwake, haraka haraka, kama mtu anayekiri kosa. "Mwaka huu. Nilikuwa natoa kopi za maswali ya watu usiku na mchana, mwisho nikaona nayajibu kichwani. Lakini fizikia nimeiharibu. Swali moja la chaji, mkono ulikwenda wenyewe. Nilichora kama tulivyozoea pale mezani. Nilipotoka nje ndipo nikakumbuka kugeuza. Nimelia njia nzima."

Chiriku alihisi maneno yamejaa mdomoni kama maji. Hukukosea jibu. Kuna mama mmoja alikiona kiluwiluwi chako. Nilikaa korido. Aliyameza yote, moja baada ya jingine, yakashuka yakikwaruza.

"Matokeo bado," alisema tu.

"Bado. Kwa hiyo siji, dada. Cheti sina. Unajua alichosema."

"Sikio moja limeshakufa," alisema Chiriku. "La pili lina miezi. Anataka kukusikia, Kisiki. Hajasema, lakini kamuuliza daktari."

 Nyuma ya Chiriku mtu akakohoa kwa makusudi.

Chiriku hakungoja. Alibonyeza namba ya baba, akaiweka simu kwenye ile mikono myeusi. Ikaita. Ikaita. Kisiki aliishika kama kitu cha moto.

"Halo?" ikasema sauti ya mzee.

"Baba."

"Nani? Sikusikii."

"Mimi."

"Sema kwa nguvu. Nani?"

"Mimi, baba," alisema Kisiki, na safari hii duka zima lilisikia. "Kisiki."

 Mzee wa cheti chenye madoa, bado anangoja kopi safi, akavua kofia, hakujua kwa nini. 

"Nyuma yako kuna kitu kinagonga," alisema baba.  "Kinagonga mara mbili, halafu kinapumzika."

"Ni mashine ya fotokopi."

"Inagonga hivyo tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Rola limelika upande mmoja. Wasikudanganye kwamba mashine imekufa. Haijafa."

"Sawa, baba."

"Endelea kusema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Usinyamaze."

Kisiki akageuka ukutani, lakini ukuta ulikuwa karibu na kila mtu alikuwa anamwona. "Cheti sina bado," alipaza sauti. "Nimefanya mtihani, ila matokeo bado. Baba? Nasema cheti sina."

"Nani kakuuliza cheti?"

Dada mmoja kwenye foleni akajipangusa macho kwa ukingo wa bahasha yake. Kijana mrefu nyuma yake akasema, "Samahani jamani, mimi nina kopi mbili tu," akapigwa kiwiko na watu wawili kwa mpigo. Chiriku akazunguka kaunta, akampokea vitambulisho vyake, akavilaza kwenye kioo upande usio sahihi.

"Unachukua upande wa nyuma," Kisiki akamwambia, mkono umefunika simu. "Geuza." Kisha kwenye simu, kwa sauti iliyofika barabarani: "Baba, nina miaka sita ya kukueleza, na hapa kuna watu tisa wamesimama."

"Waambie wakae."

"Hakuna viti."

"Basi wasimame. Anza mwanzo."

"Siwezi, baba. Mengine si ya kupigiwa kelele mbele ya foleni." Alimtazama dada yake, aliyekuwa anahangaika na kifuniko, vidole vitano vyeusi mgongoni mwa blauzi. "Leo nakwambia mwanzo tu: siku ile niliondoka nikafika stendi, nikakaa pale saa tatu nikingoja uje. Yaliyobaki nitakueleza kesho, nikishashuka kwenye basi la kwanza na dada, nimekaa karibu yako. Nitakueleza yote, baba, nisiruke hata siku moja."